Seneta mwenye sheria tatu: namna ya kusoma rekodi ya mbunge wa Marekani

Swali: Nimesoma kwamba Bernie Sanders yuko katika Bunge la Marekani tangu 1991, na kwamba mpaka alipogombea urais mwaka 2016 miswada yake iliyokuwa sheria ilikuwa mitatu tu, miwili kati yake ya kuzipa ofisi za posta majina. Wenzangu chuoni wanasema huo ni uvivu. Je, hesabu hiyo ni ya kweli? Na mtu aliye mbali, kama mimi huku Bukavu, akitaka kujua seneta fulani amefanya kazi gani hasa, aangalie nini?

Jibu: Hesabu ni sahihi. Posta moja iko Danville, nyingine Fair Haven, zote katika jimbo lake la Vermont. Sheria ya tatu ni ya 2013, ya kupandisha fidia ya askari wastaafu wenye ulemavu ili ilingane na gharama za maisha. Muswada wa namna hiyo hupita karibu kila mwaka na hakuna anayejisumbua kuupinga. Wenzako hawakukosea kuhesabu. Wamekosea kitu cha kuhesabu.

Wanahesabu jina la mwasilishaji, yaani mbunge ambaye jina lake liliandikwa juu ya muswada siku ulipoingizwa. Huko Marekani jina hilo ni kama jina lililochorwa ubavuni mwa basi. Linakuambia basi lilisajiliwa na nani. Mzigo uliomo ni wa nani, hilo halisemi, na mara nyingine basi limeshabadilishwa njia na dereva.

Kila Bunge la Marekani huishi miaka 2. Muda ukiisha, muswada ambao haujapita unakufa na mwenyewe anaanza upya. Katika miaka hiyo 2 huingizwa miswada zaidi ya 10,000, na katika Mabunge ya karibuni inayofika mwisho haijafika 500. Bunge la 2023–2024 lilimaliza na sheria zisizofika 300. Bunge lina nyumba mbili, Baraza la Wawakilishi na Seneti, na sababu kubwa iko Seneti. Hiyo ina watu 100, na karibu jambo lolote lenye ubishi linataka 60 wakubali kwanza kufunga mjadala ndipo kura yenyewe ipigwe. Halafu ratiba ya ukumbi iko mikononi mwa wachache: Spika upande wa Baraza la Wawakilishi, kiongozi wa walio wengi upande wa Seneti. Hawana siku ya kumgawia kila mbunge.

Kwa hiyo mbunge anayejua kazi yake hahangaiki kusukuma basi lake peke yake. Anatafuta basi ambalo lazima lifike, anapakia mzigo wake humo. Mabasi hayo ni machache na inafaa uyajue. Kuna sheria za matumizi ya serikali, ambazo kwa utaratibu ni 12 kila mwaka, mwaka wa fedha ukianza 1 Oktoba. Kuna sheria ya ulinzi ya kila mwaka, ambayo haijakosa kupita kwa zaidi ya miaka 60. Na kuna njia maalumu ya bajeti inayoiruhusu Seneti kupitisha mambo ya kodi na matumizi kwa wingi wa kawaida bila kuhitaji zile 60. Hiyo ya tatu ina mlinzi mkali: afisa wa kanuni wa Seneti hushauri kiondolewe kila kifungu ambacho athari yake kwa bajeti ni ya kusingizia. Mwaka 2021 ndivyo kilivyotolewa kipengele cha kima cha chini cha mshahara wa dola 15 kwa saa, kipengele alichokipigania Sanders huyohuyo.

Sasa turudi kwake. Mwaka 2014 ilifichuka kwamba hospitali za askari wastaafu, Phoenix ikiwa mfano mbaya kuliko zote, zilikuwa zikificha orodha za wagonjwa wanaosubiri daktari. Sanders alikuwa mwenyekiti wa kamati ya Seneti inayoshughulikia askari hao. Akakaa na John McCain wa Arizona, mtu wa chama cha Republican, wakaandika mapatano. Tarehe 11 Juni Seneti iliyapitisha kwa kura 93 dhidi ya 3. Kisha Sanders akavutana kwa wiki kadhaa na Jeff Miller, mwenyekiti wa kamati ya aina hiyo upande wa Baraza, mpaka wakapata maandishi ya pamoja, na Obama akatia saini tarehe 7 Agosti. Sheria ile ilibeba takriban dola bilioni 16. Kati yake, bilioni 10 zilikuwa za kulipia matibabu ya nje kwa askari aliyesubiri zaidi ya siku 30 au anayeishi zaidi ya maili 40 kutoka kituo cha serikali.

Ukiitafuta kwenye kumbukumbu utaikuta kama H.R. 3230 (H.R. ni alama ya muswada ulioanzia Baraza, S. ni wa Seneti), na mwasilishaji wake ni Hal Rogers wa Kentucky. Muswada wa Rogers ulikuwa wa Oktoba 2013, wa kuwalipa askari wa akiba mishahara wakati shughuli za serikali zilipokuwa zimesimama. Seneti ilifuta maneno yote ya ndani, ikabakiza ganda na namba, ikajaza maandishi ya Sanders na McCain. Kwa hesabu ya wenzako, kazi ile yote inampa Sanders sifuri, na McCain vilevile sifuri.

Kubadilisha kiini na kuacha ganda ni jambo la kila siku, na mara nyingi Katiba ndiyo inayolazimisha. Ibara ya kwanza, kifungu cha 7, inasema miswada ya kuongeza mapato lazima ianzie Baraza la Wawakilishi. Seneti ikitaka kuandika sheria yenye kodi ndani, inachukua muswada wowote wa kodi uliokwisha kupita Baraza na kuukamua. Ndivyo sheria kubwa ya bima ya afya ya 2010 ilivyo na namba H.R. 3590 na jina la Charles Rangel wa New York: ilianza maisha ikiwa muswada wa nafuu ya kodi kwa wanajeshi wanaonunua nyumba. Ndani ya sheria hiyo Sanders aliingiza dola bilioni 11 kwa miaka 5 za kupanua vituo vya afya vya jamii, ambavyo humtibu mtu hata asiye na bima. Hapo pia jina lake halimo juu.

Na kabla hajaingia Seneti 2007? Alikuwa Baraza la Wawakilishi miaka 16, na kuanzia 1995 hadi alipohama walio wengi walikuwa wa chama cha Republican, kwa hiyo miswada yake haikuwa na pa kupita. Akageukia marekebisho yanayoletwa ukumbini wakati muswada wa mwingine unajadiliwa, na katika kipindi hicho alipitisha 17 kwa kura za majina. Mbinu yenyewe ni ya kiufundi. Kanuni za Baraza zinakataza kutunga sheria mpya ndani ya muswada wa matumizi, lakini hazikatazi kuzuia fedha. Basi mbunge anaandika sentensi moja: hakuna senti ya sheria hii itakayotumika kufanya jambo fulani. Udhaifu wake ni kwamba kizuizi kama hicho huisha pamoja na mwaka wa fedha, na usipokirudisha mwakani kimekufa. Siku hizi hata mlango huo ni mwembamba, kwa sababu karibu kila marekebisho lazima kwanza yaruhusiwe na Kamati ya Kanuni, ambayo iko chini ya Spika.

Ukitaka kuona hesabu ya majina inavyoweza kuchekesha, mtazame John Yarmuth wa Kentucky. Sheria ya 2021 ya kuokoa uchumi baada ya korona, trilioni 1.9 za dola, ina jina lake. Sheria ya Agosti 2022 ya nishati safi na bei za dawa ina jina lake pia, ingawa maandishi ya mwisho yalitoka kwa maseneta Chuck Schumer na Joe Manchin walioongea faraghani. Kwa nini Yarmuth? Alikuwa mwenyekiti wa Kamati ya Bajeti ya Baraza, na muswada wa njia ile maalumu ya bajeti kwa kawaida huwasilishwa na mwenyekiti huyo. Cheo kiliandika jina.

Kinyume chake ni John Conyers wa Michigan. Siku 4 baada ya Martin Luther King kuuawa, Aprili 1968, aliingiza muswada wa kuifanya siku ya kuzaliwa kwake iwe sikukuu ya taifa. Akaurudisha Bunge baada ya Bunge kwa miaka 15. Ule uliotiwa saini na Ronald Reagan mwaka 1983 uliwasilishwa na Katie Hall wa Indiana, aliyekuwa bungeni kwa mwaka mmoja hivi na aliyekuwa akiongoza kamati ndogo iliyohusika. Nani ametunga sheria hiyo? Hall aliubadilisha muswada, akaiweka sikukuu Jumatatu ili kupunguza malalamiko ya gharama, na hilo ndilo lililoufungulia njia. Conyers ndiye aliyeuweka hai. Namba moja haiwezi kuwagawia haki wote wawili.

Lakini wewe uko Bukavu, na mfano mzuri kuliko yote uko mlangoni pako. Machimboni Kivu watu wanaizungumzia sheria ya Obama, ile iliyowataka wenye kampuni zilizo kwenye soko la hisa la Marekani waeleze kama bati, tantalamu, wolframu na dhahabu wanazotumia zimetoka Kongo au nchi jirani, na kama zimewanufaisha wenye silaha. Miezi miwili baada ya sheria hiyo, Septemba 2010, Rais Kabila alisimamisha uchimbaji Kivu Kaskazini, Kivu Kusini na Maniema, na katazo likadumu mpaka Machi 2011. Wachimbaji wadogo waliumia, na jina la Obama likabaki midomoni.

Obama alitia saini tu. Kilichotungwa ni kifungu cha 1502 cha sheria kubwa ya kudhibiti mabenki ya Julai 2010, sheria yenye majina ya Chris Dodd na Barney Frank, wawili ambao shughuli yao ilikuwa benki. Kifungu chenyewe kilitoka kwa Sam Brownback, Republican wa Kansas, ambaye mwaka 2009 aliingiza muswada wa madini ya Kongo, S. 891, akiwa na Dick Durbin na Russ Feingold. Upande wa Baraza, Jim McDermott alikuwa na wake. Miswada yote miwili haikufika popote ikiwa peke yake. Wakasubiri basi, na basi la mabenki likapita.

Sehemu inayowashangaza wengi ni hii: kura ya mwisho Seneti, 15 Julai 2010, ilikuwa 60 dhidi ya 39, na Brownback alipiga ya hapana. Feingold naye alipiga ya hapana, akiwa Democrat pekee kufanya hivyo. Mmoja alikuwa na chama chake dhidi ya sheria nzima. Mwingine aliona udhibiti wa mabenki haukutosha. Kwa hiyo wawili kati ya maseneta watatu waliokiandika kifungu kilichobadilisha biashara ya koltani wamo kwenye orodha ya walioipinga sheria iliyokibeba. Mtu akikuonyesha kura moja ya mwisho na kudai imemfichua mwanasiasa, mkumbushe Brownback.

Na ipo kweli sheria ya Kongo iliyo ya Obama, ila si hiyo. Akiwa seneta kijana wa Illinois aliwasilisha S. 2125, sheria ya misaada, usalama na demokrasia kwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, na George W. Bush akaitia saini 22 Desemba 2006. Ilikuwa sheria ya kwanza kupita Obama akiwa mwasilishaji mkuu. Pamoja na mengine, ilimpa Waziri wa Mambo ya Nje wa Marekani uwezo wa kuzuia aina fulani za misaada kwa nchi inayochukua hatua za kuivuruga Kongo. Hiyo haina jina la utani machimboni.

Basi utazame nini? Chombo ni congress.gov, tovuti rasmi, bure, na hata kwa simu inafunguka. Nenda kwenye ukurasa wa mbunge, uchuje kwanza miswada aliyoiwasilisha mwenyewe, mbali na ile aliyoiunga mkono tu, maana kuunga mkono ni kuweka jina na hakumgharimu mtu chochote. Kisha, na hapa ndipo wengi wanaishia njiani, fungua muswada wake uliokufa na uangalie sehemu ya miswada inayohusiana. Humo utaona kama kuna mwingine unaofanana nao au wenye maneno yaleyale. Ukipata, chukua sentensi moja isiyo ya kawaida kutoka kwenye maandishi yake, uitafute ndani ya sheria iliyopita. Ikiwa imo neno kwa neno, mzigo ulifika. Ikiwa imo nusu, soma kilichokatwa; kwa kawaida huwa ni fedha au adhabu.

Angalia pia aina ya waraka. H.R. na S. ni miswada ya kawaida. H.J.Res. na S.J.Res. nazo zinaweza kuwa sheria. Lakini H.Res. na S.Res. ni maazimio ya nyumba moja, hayaendi kwa rais na hayamfungi mtu nje ya nyumba hiyo. Mwanasiasa akijisifu kwamba amepitisha azimio la kulaani hiki au kupongeza kile, jua amefanya hivyo tu.

Kuhusu kura, kuna mtego mmoja unaowanasa hata waandishi wa habari. Kanuni za Seneti zinamruhusu aliye upande ulioshinda, au ambaye hakupiga kura, kuomba kura irudiwe; aliyepiga kura upande ulioshindwa hana haki hiyo. Kwa hiyo kiongozi wa walio wengi akiona hoja yake inaanguka, hubadili kura yake kuwa hapana ili abaki na haki ya kuirudisha. Aprili 2013 mapatano ya Manchin na Pat Toomey kuhusu kukagua wanunuzi wa bunduki yalianguka kwa 54 dhidi ya 46, kwa kukosa zile 60, na kwenye orodha ya waliokataa yumo Harry Reid, kiongozi aliyeyaleta ukumbini. Hakuyapinga. Kumbuka vilevile kwamba mambo mengi hupita kwa kura ya sauti au kwa ridhaa ya wote, na hapo hakuna orodha ya majina kabisa.

Fedha zisomwe peke yake. Marekani wana hatua mbili: sheria ya kuidhinisha inayosema programu iwepo na kiasi kinachoruhusiwa, na sheria ya matumizi inayotoa pesa yenyewe. Sheria ya 2003 dhidi ya UKIMWI, kifua kikuu na malaria iliidhinisha dola bilioni 15 kwa miaka 5. Wagonjwa wa Kenya, Uganda, Tanzania na Rwanda walipata dawa kwa sababu kamati za matumizi ziliweka fedha hizo kwenye bajeti kila mwaka. Mwanasiasa aliyepigia kura ya ndiyo idhini, kisha akakata fedha mwaka uliofuata, rekodi yake kamili iko katika karatasi mbili tofauti.

Wapo wanaojaribu kuyageuza yote haya kuwa alama. Kituo cha utafiti cha vyuo vikuu vya Virginia na Vanderbilt hufuata kila muswada katika hatua 5, kuanzia kuingizwa hadi kuwa sheria, na kuupa uzito: wa kumbukumbu tu hupata 1, wa kawaida 5, wenye uzito mkubwa 10. Posta ya Danville na mageuzi ya afya hazilingani hapo. Ni kipimo bora kuliko cha wenzako, ingawa bado kinampendelea mwenye uenyekiti wa kamati na aliye upande wa walio wengi.

Na ndiyo maana tarehe za mtu ziendane na nani alikuwa anashika nyumba. Sanders akiwa katika walio wachache alitunga kwa marekebisho. Akiwa mwenyekiti wa askari wastaafu mwaka 2014, kisha wa Bajeti 2021 na 2022, alitunga kwa kupatana. Ukichora rekodi yake bila kuweka vipindi hivyo pembeni utaona miaka ya ukimya ambayo haikuwa ya ukimya.

Jambo la mwisho la vitendo: usiandike namba ya muswada bila namba ya Bunge lake, kwa sababu namba huanza upya kila miaka 2. H.R. 1 ya 2017 ni sheria ya kupunguza kodi. H.R. 1 ya 2021 ni muswada wa mageuzi ya uchaguzi uliokwama Seneti. H.R. 1 ya 2025 ni sheria ya kodi na matumizi aliyoisaini Donald Trump tarehe 4 Julai mwaka huo. Kupata mwaka Bunge lilipoanza, zidisha namba yake kwa 2, kisha ongeza 1787: Bunge la 111 ni la 2009, lenye sheria yenu ya madini, la 109, lililopitisha S. 2125 ya Obama, ni la 2005.